Mwalimu wa Wadudu: Maisha ya Profesa Thomas Odhiambo



Kabla futari haijaiva, hebu nikuulize swali dogo. Taja wanasayansi watano unaowajua. Naamini Newton atakuja, Einstein atakuja, na kama ulisoma madrasa nzuri basi Ibn Sina na al-Khwarizmi hawatakosa. Sasa taja mmoja tu wa kutoka huku kwetu, ukanda huu wa Ziwa, kati ya Kisumu, Siaya na Homa Bay. Umenyamaza? Si kosa lako. Sisi huku tunawajua wanasiasa mpaka majina ya babu zao, na wachezaji wa Gor Mahia tunawataja kwa namba za jezi, lakini mtu aliyeifanya dunia nzima ije kujifunza elimu ya wadudu hapa Kenya, kando ya ziwa hili hili, wengi wetu hatujawahi kumsikia.

Jina lake ni Thomas Risley Odhiambo. Nataka tuzungumze habari zake mwezi huu kwa sababu vijana wetu wengi wanapofika mahali pa kuchagua masomo, sayansi inaonekana kama nyumba ya watu wengine. Kijana wa Kibuye anaweza kuwa na akili ya kutosha, tena anapenda, lakini anajiuliza: nikishamaliza nitaenda wapi? Nani atanipokea? Swali hilo Odhiambo aliliuliza mapema, na maisha yake yote yalikuwa ni kulijibu. Kwa maoni yangu jibu lake linafaa kujulikana kuliko hata uvumbuzi wake.

Tuanze na Kibuye kwenyewe. Wewe uliyezoea soko lile siku ya Jumapili, watu wanaposhuka kutoka pande zote na bidhaa zao, si unajua vile mahindi yanavyopimwa kwa gorogoro? Bei ikipanda kila mtu analalamika, lakini ni wachache wanaouliza mahindi yale yamepita wapi mpaka yakafika. Yamepita katikati ya maadui. Yuko nondo anayetaga mayai kwenye jani, na funza wake wanatoboa bua mpaka ndani. Iko kayongo, gugu lile lenye maua mazuri ya zambarau, ambalo mizizi yake inanyonya mahindi kutoka chini ya ardhi. Mmea mmoja wa kayongo unatoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja tu mahindi yapandwe. Wako pia viwavi jeshi, na kuna miaka wanakuja nzige. Maadui hao tutawarudia, maana habari ya Odhiambo imeshikana nao.

Mtoto wa jioni

Ukimsikia mtu anaitwa Odhiambo, jua alizaliwa jua likielekea kuzama. Ndivyo Wajaluo wanavyowapa watoto wao majina. Huyu alizaliwa Mombasa, tarehe 4 Februari 1931. Kwa hiyo ndugu zetu wa Pwani nao wana haki ya kumdai kidogo. Lakini masomo ya upili aliyapata huku kwetu, Maseno, shule iliyoanzishwa na wamishenari mwaka 1906, kilomita kama 25 kutoka mjini Kisumu, pale ambapo Ikweta inakata barabara.

Maseno ya zama zile ilikuwa kama tanuri. Jaramogi Oginga Odinga alisoma hapo na akafundisha hapo. Bethwell Ogot, aliyekuja kuwa mwanahistoria mkubwa na kufariki mwaka 2025, naye ni mtoto wa Maseno, na umri wake na Odhiambo ulipishana miaka miwili tu. Kutoka hapo Odhiambo akaenda Makerere, Uganda, ambako ndiko ilikokuwa elimu ya juu ya Afrika Mashariki wakati huo. Baada ya masomo aliajiriwa huko huko Uganda katika idara ya kilimo, akashughulika na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea kama pamba. Ni kazi ya subira: kumkamata mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, kumtazama kwa hadubini, kumchora, kumpa jina, kueleza anatofautianaje na ndugu yake. Watu wa mtaani wangesema huyu bwana ana wazimu. Yeye aliandika makala za kitaalamu kuhusu wadudu hao, zikachapishwa, na watu wa mbali wakaanza kumfahamu.

Mwaka 1959 alikwenda Cambridge, Uingereza, katika chuo cha Queens'. Huko alikutana na mtu ambaye ni lazima tumtaje, kwa sababu hakuna mwalimu asiyekuwa na mwalimu.

Mzee aliyewaunganisha wadudu

Sir Vincent Wigglesworth alikuwa ndiye mkubwa wa elimu ya miili ya wadudu wakati ule. Mdudu wake mpendwa aliitwa Rhodnius, wa jamii ya kunguni, anayenyonya damu huko Amerika Kusini. Huyu mdudu ana tabia moja ya ajabu: akila shibe moja kubwa ya damu, baada ya siku kadhaa anajivua ngozi na kuwa mkubwa zaidi. Wigglesworth akajiuliza: ni nini kinachomwambia mwili kuwa sasa ni wakati wa kujivua?

Akamkata kichwa mdudu mara tu baada ya kula. Mdudu hakufa! Alikaa hai miezi mingi bila kichwa, lakini hakujivua. Akamkata mwingine kichwa siku kadhaa baada ya kula. Huyu akajivua vizuri, kichwa hana. Basi akawachukua wawili, wa kwanza na wa pili, akawaunganisha shingo kwa shingo kwa nta, damu ikapita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Yule ambaye hakupaswa kujivua naye akajivua. Maana yake ujumbe ulikuwa umetoka kichwani ukaingia kwenye damu. Ujumbe huo ndio tunaouita homoni. Jaribio zima linataka wembe, nta na kichwa kinachofikiri. Ndiyo maana napenda kulisimulia kwa vijana wanaodhani sayansi ni mashine za mamilioni.

Odhiambo alipata shahada yake ya uzamifu mwaka 1965 chini ya mzee huyu. Yeye alichagua nzige wa jangwani, na hasa nzige dume. Nyuma ya ubongo wa nzige kuna tezi ndogo mno. Odhiambo alionyesha kuwa tezi hiyo ina mkono katika kukomaa kwa dume, na hata katika uchangamfu wake: ukiiondoa, dume anapooza, hatembei tembei kama wenzake. Makala zake kuhusu jambo hilo zilitoka mwaka 1966 na miaka iliyoizunguka. Kijana aliyesoma Maseno alikuwa sasa anawaeleza wataalamu wa dunia habari za nzige, mdudu ambaye Afrika imemjua tangu zama za Firauni na ambaye hadithi za Mtume (s.a.w.) zimeruhusu kuliwa. (Suala la kumbikumbi tuwaachie masheikh zetu, maana najua Kibuye wanauzwa na watu watataka kuniuliza.)

Nairobi ilikuwa kidogo

Sasa hapa ndipo maisha yanapogeuka. Mtu mwenye sifa kama hizo angeweza kubaki Ulaya, akapata maabara, mshahara na baridi. Odhiambo alirudi mwaka huo huo wa 1965, akaanza kufundisha chuo kikuu pale Nairobi.

Alikuta nini? Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka miwili tu. Wanasayansi wa Kiafrika ungeweza kuwahesabu kwa vidole. Vilikuwapo vituo vya utafiti vilivyoachwa na mkoloni, vingi vikiwa vya mazao ya kuuza nje. Na kijana mwenye kipaji alikuwa na njia moja: apande ndege. Akishapanda ndege, ajifunze matatizo ya huko, kwa vifaa vya huko, na mara nyingi asirudi. Akirudi, anakuta hakuna hadubini, hakuna majarida, hakuna mwenzake wa kubishana naye. Baada ya miaka mitatu anakuwa karani mwenye digrii kubwa.

Mwaka 1967 Odhiambo aliandika makala katika jarida la Science la Marekani, ambalo husomwa na wanasayansi wa kila taaluma, kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake, kwa maneno yangu mimi, ilikuwa hivi: Afrika haiwezi kufanya kila kitu mara moja, lakini inaweza kuchagua mambo machache ambayo yenyewe ina sababu kubwa kuliko wengine ya kuyajua, ikajenga mahali pa kuyafanya kwa kiwango cha juu kabisa. Na kama kuna kitu tunacho tele Afrika, ni wadudu! Mbu, mbung'o, nzige, mchwa, viwavi. Kwa nini mtu wa Nairobi aende London kumsoma mbung'o, wakati mbung'o yuko hapa?

Wakati huo huo mwanakemia mmoja wa Marekani, Carl Djerassi, naye alikuwa akisema kwenye mikutano ya wanasayansi kuwa nchi zinazoendelea zinahitaji vituo vya utafiti vya daraja la kwanza, si vya kusaidiwa tu. Mawazo mawili yakakutana. Mwaka 1970 kikazaliwa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, ambacho wengi hukiita kwa kifupi chake tu, ICIPE. Odhiambo akawa mkurugenzi. Alikuwa na miaka 39. Mwaka huo ndio pia Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata kusimama peke yake, na yeye akawa profesa wake wa kwanza wa elimu ya wadudu na mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo. Kazi tatu kwa mtu mmoja, jamani.

Kituo kilianza kwa unyonge, kikijibanza karibu na chuo pale Chiromo. Lakini angalia ujanja wake. Pesa za kuwaajiri maprofesa wakubwa wa dunia hakuwa nazo. Kwa hiyo wakubwa hao, kutoka Marekani, Ulaya na hata mabingwa wa Kijapani, waliombwa wawe wakurugenzi wa utafiti wa kuja na kuondoka: wanakaa Nairobi kwa muda, wanaelekeza, wanarudi makwao. Wanaobaki mwaka mzima wakifanya kazi ni vijana waliotoka tu kumaliza masomo. Mkubwa anakuja kwa kijana, badala ya kijana kumfuata mkubwa. Kwa mfano mwanakemia Koji Nakanishi alikuwa mmoja wa waliofanya hivyo, na kutokana na kazi za kundi lake, miaka ya 70, dunia ilijua kuwa mti ambao Wakikuyu huuita muthiga, ambao wazee wameutafuna kwa dawa ya kikohozi tangu zamani, una kemikali inayowafanya viwavi jeshi wakatae kula. Mti ulikuwa hapa, kiwavi alikuwa hapa, na dawa ya wazee ilikuwa hapa. Kilichokuwa kimekosekana ni mahali pa kuuliza.

Baadaye kituo kilipata makao yake Kasarani, na makao hayo yakapewa jina la Duduville. Mji wa madudu! Nani alisema maprofesa hawana ucheshi?

Kurudi ziwani

Lakini Odhiambo hakutaka elimu ibaki Nairobi, na hili ndilo linalotuhusu sana sisi wa huku. Kituo kikubwa cha nje ya Nairobi kilijengwa Mbita Point, mahali ambapo nchi kavu inachungulia kisiwa cha Rusinga. Wakati huo kufika Mbita ilikuwa safari ya kutia nia. Kwa nini huko?

Ziwa letu lina historia chungu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliua zaidi ya watu 200,000 katika mwambao wa Uganda, na huku kwetu vijiji na visiwa vilihamwa. Karibu na Mbita kuna bonde la Lambwe, ambako mbung'o hawakuisha, na malale yalizuka tena mwanzoni mwa miaka ya 80. Kuna mbu na malaria. Kuna shamba dogo la mama anayelima mahindi na mtama kwa jembe, na funza wako ndani ya bua. Kila mdudu aliyekuwa kwenye vitabu vya Odhiambo alikuwa na nyumba yake pale. Mtafiti aliyelala Mbita hakuhitaji kuambiwa kwa nini anafanya utafiti, jioni akiwasha taa sami wa ziwani wanajaa mpaka hawezi kusoma, usiku mbu, asubuhi jirani anakuja kumwuliza, "Mwalimu, na hii kayongo je?"

Labda utaniuliza, kwani kumtazama mdudu ni kazi ya maana kiasi hicho? Ndugu yangu, Qur'ani ina sura inayoitwa kwa jina la nyuki na nyingine kwa jina la sisimizi. Na al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karne ya 9, katika kitabu chake kikubwa kuhusu wanyama hakuona haya kuwachunguza wadudu. Aliyeona haya ni sisi wa juzi juzi.

Darasa lisilo na ukuta

Mwaka 1983 Odhiambo na wenzake walianzisha jambo ambalo, mimi ningeulizwa, ningesema ndilo kubwa kuliko yote aliyofanya. Ni mpango wa masomo ya uzamifu katika elimu ya wadudu kwa Afrika nzima, unaojulikana kwa kifupi chake ARPPIS. Sikiliza ulivyopangwa, maana busara yote iko kwenye mpangilio.

Mwanafunzi anatoka Ghana, Sudan, Ethiopia, Zambia, popote. Anakuja ICIPE, anakaa miaka kama mitatu, anafanya utafiti wake Duduville au Mbita, na wadudu wa kwao na matatizo ya kwao, chini ya wataalamu wa kituo. Lakini shahada haitolewi na ICIPE. Inatolewa na chuo kikuu cha Afrika alikosajiliwa, na mwalimu wa chuo hicho anashiriki kumsimamia. Unaona? Mwanafunzi hang'olewi na mizizi yake. Chuo chake kinapata heshima ya kumtoa daktari. Mwalimu wake wa nyumbani naye anafaidika. Na akimaliza ana wenzake katika nchi kumi na zaidi, waliokula ugali pamoja na kuumwa na mbu wamoja. Miaka 15 baadaye hao ndio wakuu wa idara, ndio wanaowasimamia wengine. Tangu mwaka ule mpango huo umetoa mamia ya madaktari wa sayansi, na bado unaendelea.

Hiyo ndiyo maana ya mwalimu kulea wanasayansi. Sisi tumezoea kumsifu mwalimu kwa mwanafunzi mmoja aliyeng'aa: "Huyu daktari mimi ndiye niliyemfundisha." Odhiambo alijenga nyumba ambamo hata asiyemfahamu, hata aliyezaliwa baada yake, angelelewa.

Mengine nitayapitia haraka. Mwaka 1985 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha Akademia ya Sayansi ya Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 Tuzo ya Afrika ya Uongozi katika kumaliza njaa ilipotolewa kwa mara ya kwanza, walipewa watu wawili: Rais Abdou Diouf wa Senegal na yeye. Rais wa nchi na mtu wa wadudu, bega kwa bega!

Lakini tusiwadanganye vijana kwamba yote yalikuwa asali. Angalia alicholipa. Mtu aliyeweza kukaa masaa na nzige mmoja alitumia miaka 24 kama mkurugenzi, na mkurugenzi wa kituo kama kile anaishi kwa kuandika barua za kuomba fedha, kupokea wageni, kupanda ndege na kukaa mikutanoni. Zile kazi zake nzuri za mikono yake mwenyewe ni nyingi za miaka ya 60. Baada ya hapo jina lake linaonekana zaidi kwenye mipango, hotuba na vitabu vya sera. Wapo watakaosema sayansi ilipoteza mtafiti. Mimi nadhani alijua bei na akailipa makusudi, ingawa sidhani ilikuwa rahisi. Mtu akipenda hadubini yake, kuiacha kwa ajili ya wengine kunauma.

Aliachia ukurugenzi mwaka 1994, na nafasi yake ikashikwa na Hans Herren wa Uswisi. Alifariki Nairobi tarehe 26 Mei 2003, akiwa na miaka 72.

Maadui wa Kibuye

Nilikuahidi tutawarudia maadui wa mahindi. Mwaka 1993, Odhiambo akiwa bado mkurugenzi, ICIPE ilimpata mtafiti kutoka India, Zeyaur Khan, aliyefanya kazi Mbita. Yeye na wenzake wa ICIPE, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza na kina John Pickett, walitengeneza kilimo kinachoitwa vuta-sukuma. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Harufu yake nondo haiwezi, inamsukuma nje. Pembezoni mwa shamba unazungusha nyasi za nepia, ambazo nondo anazipenda kuliko mahindi, zinamvuta. Anataga huko, lakini funza wakiingia kwenye nepia wanakwama kwenye utomvu wake unaonata na wengi hufa.

Ajabu zaidi ilikuja bila kutarajiwa. Pale Mbita waliona kuwa penye desmodiamu, kayongo inatoweka. Walipochunguza wakakuta mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali za namna mbili: moja inaziamsha mbegu za kayongo zilizolala, nyingine inauzuia mzizi wake usishike mahindi. Mbegu inaamka, haina pa kushika, inakufa. Ardhi inajisafisha pole pole, na desmodiamu inarutubisha udongo na kulisha ng'ombe. Wakulima wa magharibi mwa Kenya waliokuwa wakivuna kama tani 1 ya mahindi kwa hekta wamefika wastani wa tani 3.5. Hakuna dawa ya kunyunyiza hata tone.

Kati ya waliofumbua siri hiyo ya mizizi lipo jina la Profesa Ahmed Hassanali, mwanakemia wa ICIPE. Na jina lake lipo kwa nzige pia. Miaka ya 90 yeye, Baldwyn Torto wa Ghana, Magzoub Omer Bashir wa Sudan na wenzao walichunguza harufu ambazo nzige hutumia kuzungumza. Wakakuta kuwa dume aliyekomaa, yule yule aliyechunguzwa na Odhiambo kijana kule Cambridge, hutoa harufu ambayo wakubwa wenzake huitumia kukaa pamoja. Lakini ukiwapulizia kidogo tu watoto wa nzige ambao bado hawana mabawa, kundi lao linavurugika. Wanatawanyika, wanapunguza kula, wengine wanageukiana na kulana wao kwa wao. Waliyajaribu hayo nyikani Sudan, penye kituo cha ICIPE pale Port Sudan.

Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, kundi ambalo nchi haikuwa imeliona mfano wake kwa miaka 70, mataifa yalihangaika kutafuta ndege na sumu. Elimu ya kuwazuia kwa njia nyingine ilikuwa imelala kwenye makabati ya Kasarani, imeandikwa na Waafrika, ikingoja fedha na utashi wa kuitoa nje.

Kituo cha Mbita siku hizi kinaitwa Kampasi ya Thomas Odhiambo. Kijana wa Kibuye akitaka kukiona haina haja ya pasipoti. Anapanda matatu ya kupitia Bondo mpaka Luanda K'Otieno, anapanda feri, anavuka ghuba. Upande wa pili ndipo Mbita. Na akifika wakati mahindi yamesimama, ataiona kwa macho desmodiamu imetambaa katikati ya mistari, na nepia imezunguka.